Jina Nililoliitikia

Kimamba, Alhamisi alasiri

Salumu, mtani wangu,

Saa hizi unasomewa hitma nyumbani kwa mama mkwe wako, Mabwerebwere, na mimi sipo. Nimekaa hapa mlangoni kwangu, kambini, baiskeli nimeiegemeza ukutani imejaa upepo magurudumu yote mawili, na siendi kokote. Tausi amenikataza. Aliniambia, "Shemeji, siku ya hitma ya mume wangu nisikuone." Nimetii, kwa sababu mkeo hana kosa hata moja katika jambo hili.

Salamu sikutumii. Nakuandikia tu, kama nilivyokuwa nikikuandikia barua zako zote, wewe umekalia kinu kilichopinduliwa, unaniambia andika hivi, usiandike vile, halafu nikimaliza unanitaka niisome tena uhakikishe sikukutilia uongo wa Kinyamwezi. Leo naandika bila kuambiwa. Uongo wa Kinyamwezi upo, ni wa miaka minne sasa, na barua hii ni ya kuutoa.

Kwanza ujue walivyokusema huku. Walisema umetoroka. Walisema umeshuka melini Lindi kwa miguu yako, umepata mwanamke mwenye mikorosho, unakula raha. Mkutano wa tawi ulipofanyika pale kwenye ghala, jina lako lilitolewa kuwa mfano wa mtu aliyepewa zawadi na wenzake akawageuzia kisogo. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa pili. Niliangalia viatu vyangu mpaka mkutano ukafungwa. Mama yako aliacha kwenda sokoni siku za gulio. Tausi alikaa si mke, si mjane. Eda hakuweza kukaa kwa mtu anayesemwa yu hai, na sheikh alimwambia asubiri. Amekuwa akiuza vitumbua stesheni ya Kilosa, na wapo wanaume waliomwambia mbele ya mtoto kwamba mumewe naye ananunua vitumbua, ila vya mwingine.

Yote hayo yalitoka mdomoni mwangu, Salumu. Neno moja tu.

Unakumbuka jinsi safari ile ilivyotujia. Ulikuwa mwaka wa pili tangu mashamba yachukuliwe na serikali, ikatangazwa kwamba wafanyakazi hodari wa mkonge watapewa mapumziko ya siku sita kwa meli, toka Dar es Salaam mpaka Mtwara na kurudi. Wewe wa chumba cha brashi, panaposafishwa katani, na mimi mkataji, majina yetu yakatoka pamoja. Ulisema wewe mtu wa Mikumi, bora wangekupa mbuzi. Tulishonewa mashati ya kaki. Tulipoiona bahari kwa mara ya kwanza, watu wote wamenyamaza kwa heshima, wewe ukasema, "Maji yote haya na hakuna aliyepanda mpunga." Nilicheka mpaka askari wa bandarini akanikemea.

Melini watalii walikuwa juu, kwenye viti vya turubai, na sisi wa zawadi tulikuwa chini, kwenye mikeka. Hilo halikutusumbua. Kilichonisumbua tangu saa ya kwanza ni lile sanduku la maboya. Lilikuwa na kufuli, na baharia alipoulizwa ufunguo uko wapi alisema uko kwa mtu aliyebaki Dar es Salaam. Alisema hivyo bila haya, kama anayetaja bei ya chumvi. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka.

Halafu kile kilango cha nyuma. Ukingo wa vyuma uliizunguka meli yote, isipokuwa pale nyuma palipokuwa na nafasi ya upana wa mlango, imezibwa kwa kamba mbili za katani. Mabomba yetu ya chini yalifungwa mpaka jua litoke, kwa hiyo waliotaka kutawadha alfajiri walikwenda pale, wakateremsha ndoo kwa kamba, wakavuta maji ya bahari. Jioni ya kwanza uliishika ile kamba ya kuzibia. Uliifikicha kwa vidole viwili, kama ulivyokuwa ukifanya kwenye brashi, ukanionyesha. Ukasema, "Nje kamba, ndani unga. Chumvi imeila." Ukamwita baharia, ukamwonyesha na yeye. Akasema watabadilisha kesho. Ukamwambia wewe umekaa na katani miaka kumi na moja, na hiyo haingoji kesho. Akakuuliza kama umekuja kupumzika au kukagua.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe.

Wasiofanya kazi ya mkonge hawataelewa, lakini wewe unaelewa. Saa kumi na moja na nusu mnyapara anasimama na karatasi yake, giza bado, anaita majina. Asiyeitika, siku yake haiandikwi kwenye kipande, ile kadi ya kazi, hata akitokea dakika mbili baadaye na panga mkononi. Basi mwenzako akichelewa unamwitikia. Unabadilisha sauti kidogo, unasema "Nipo," na tukifika shambani na yeye amefika. Wewe uliniitikia wiki nzima Veronika alipojifungua kwa taabu. Mimi nilikuitikia ulipokwenda Mikumi kumzika baba yako. Hakuna aliyeona ni uongo. Mtu asiyemwitikia mwenzake ndiye tuliyemwona mbaya, na hakuna aliyekaa naye kula.

Melini karani wa meli alikuja saa moja asubuhi na karatasi ya majina. Asubuhi ya kwanza ulikuwa umejifunika shuka, unatapika kwenye mkebe, unasema bahari na ikauke. Jina lako lilipoitwa nikasema "Nipo," kwa ile sauti yako ya puani. Ukacheka ndani ya shuka. Karani hakuinua hata macho.

Asubuhi ya pili mkeka wako ulikuwa mtupu. Nilikuwa nimekusikia ukiondoka alfajiri, ukikohoa, ukipapasa makatambuga yako ya tairi. Karani akaja. Alikwenda haraka, kama mnyapara mwenye njaa. Akaita, "Salumu wa Kimamba." Nami, Salumu, sikufikiri. Naapa kwamba sikufikiri. Mdomo ulifunguka wenyewe, kama mguu unavyoruka mtaro ulioko njia ya kila siku. Nikasema, "Nipo." Akatia alama, akaenda kwa mwingine.

Mpaka hapo ningeweza kujisamehe. Nimejaribu kuisimamisha habari hapo kwa miaka minne, nami nimeshindwa, kwa sababu haisimami hapo.

Karani alipoondoka nilikwenda nyuma kukutafuta nikucheke, nikuambie umeandikwa upo ukiwa chooni. Hukuwepo. Ndoo haikuwepo. Kamba moja ya kilango ilikuwa imebaki, na ile ya juu ilikuwa inaning'inia, imekatika, ncha yake imechanua nyeupe. Na makatambuga yako yalikuwa pale pembeni, yamewekwa sawasawa, moja kando ya lingine, kama unavyoyaweka siku zote ukitaka kutawadha.

Nilisimama. Meli ilikuwa inakwenda, maji meupe yanachemka nyuma yake, na huko nyuma bahari ilikuwa imetulia kabisa. Jua limeshatoka. Ilikuwa asubuhi nzuri, na ninaichukia mpaka leo.

Nilijua. Sijamwambia mtu yeyote hivi kabla ya wiki hii, hata padri. Nilijiambia umekwenda chooni pekupeku. Nilijiambia umepanda juu kwa watalii kushangaa. Lakini nilijua, na bado sikupiga kelele. Unajua nilichofikiria? Nilifikiria kwamba nimekuitikia. Nilifikiria karani atauliza nani aliyesema "Nipo," na mnyapara mkuu tuliyesafiri naye atasikia, na nitarudi Kimamba nimefukuzwa. Nilimwogopa mnyapara wakati wewe uko majini. Labda ulikuwa bado unapiga mikono. Sijui. Hilo la kutojua ndilo linalonikalia kifuani kila ninapolala.

Niliokota makatambuga nikayatia kwenye mfuko wangu.

Tukatia nanga Lindi mchana, watu wakapelekwa ufukweni kwa mashua kutembea. Nikaenda nao. Nilizunguka mji nikikuita kwa sauti, niliingia mpaka msikitini kuuliza, mtu anayekutafuta kwa bidii mahali anapojua hupo. Jioni tuliporudi karani akahesabu, akakosa mmoja. Akafungua karatasi yake, akaweka kidole. "Huyu asubuhi alikuwepo. Ameshuka hapa hapa." Akaandika hivyo. Nilikuwa nimesimama hatua mbili toka kwake.

Nikaenda nyuma tena, sijui kutafuta nini. Kile kilango kilikuwa na kamba mpya. Ya nailoni, ya buluu, imefungwa mafundo manne. Nilipogeuka, karani alikuwa ananiangalia. Hakuniuliza kitu, nami sikumwuliza kwa nini kamba ya kesho imefungwa leo. Yeye alinyamaza kwa lake na mimi kwa langu, na safari ikaendelea mpaka Mtwara kwa muziki wa gramafoni toka juu.

Njiani kurudi, baharia mmoja, kijana wa Kimakonde aliyekuwa akipika uji, alikuja akakaa karibu yangu. Akaniambia polepole kwamba wewe si wa kwanza. Alikuwepo mzee mmoja mtalii, akiwa na mkewe, akatoka kuvuta sigara. Na kabla yake mama mmoja aliyekuwa anakwenda Kilwa kumwona bintiye. Wote waliandikwa kwamba wameshuka. Nikamwuliza kwa nini hasemi. Akaniuliza, "Wewe je?" Basi tukakaa pale tukitazama uji ukitokota, na alipoitwa akaondoka. Yeye hakujua nina makatambuga mfukoni. Alisema tu kwa kubahatisha, na alipiga penyewe.

Kwenu Mikumi simba akimchukua mtu, ngoma inalia, wanaume wanafuata nyayo, na ikifika adhuhuri kila mtu anajua kilichotokea na ni wapi. Ndivyo alivyoondoka baba yako mdogo, ulinisimulia zaidi ya mara moja. Baharini hakuna nyayo za kufuata, na karatasi ya karani ndiyo inayosema. Polisi wa Mtwara walinihoji nikasema nilikuona asubuhi umeamka salama. Wakaniamini. Kwa nini wasiniamini, mimi mtani wako, nalia machozi ya kweli?

Huku mambo mengi yamebadilika, nikuambie machache. Korona, ile mashine ya kusaga mkonge, inasaga siku tatu na kulala siku nne, wanasema nchi za nje zinafunga mizigo kwa nailoni. Nusu ya kambi wamehamia kijiji cha ujamaa upande wa Kilangali, wanalima mpunga kwa pamoja na kugombana kwa pamoja. Chumba cha brashi kimebaki na wanawake sita. Mti wako wa mpapai ulizaa, ukazeeka, ukaanguka wenyewe.

Na mimi nimekuwa mnyapara. Usicheke. Walinipa kazi hiyo mwaka uliofuata, wakisema Stefano ni mtu mtulivu siku hizi, hana maneno mengi. Kila siku saa kumi na moja na nusu nasimama na karatasi, naita majina. Wanaitikiana kama zamani, wanadhani sisikii. Mimi naacha kuita, nachukua taa, napita mstari mzima nikimulika uso mmoja mmoja, mpaka nimwone mwenye jina kwa macho yangu. Wananiita Tochi. Wanasema nimekuwa mkali kuliko mnyapara wa wakoloni. Kuna kijana nilimzaba kibao kwa kumwitikia mwenzake, halafu nikaenda nyuma ya ghala nikajificha.

Makatambuga nilikuwa nayo muda wote huo, ndani ya gunia, juu ya dari. Veronika aliniuliza gunia lina nini, nikamwambia vyuma vya baiskeli.

Ningefia na siri hii, nadhani. Mwanao ndiye aliyenizuia. Zuhura yupo darasa la tatu sasa, ana meno yako yale ya mbele. Jumamosi iliyopita alikuja na mama yake kwenye gari moshi la asubuhi kununua mchele, akakimbilia kwangu peke yake. "Shikamoo baba mdogo." Nikamwitikia marahaba. Akatoa karatasi hii, ameichana katikati ya daftari lake la hesabu kwa uangalifu, pamoja na penseli. Akasema nimwandikie barua baba yake wa Lindi. Amesikia kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiandika barua zako. Alitaka niandike kwamba yeye hana hasira, kwamba amekuwa wa pili darasani, na kama baba ana watoto wengine huko si neno, aje nao.

Nikaishika penseli. Mtoto akakaa chini akasubiri, mikono juu ya magoti. Nikaandika "Kwa baba mpendwa" na mkono ukagoma. Nilimwambia penseli butu, nitaichonga, nitaiandika baadaye. Akasema ahsante, shikamoo tena, akaondoka akirukaruka.

Sikula siku ile. Jumapili sikwenda kanisani. Jumatatu baada ya kazi niliteremsha gunia, nikapanda baiskeli mpaka Mabwerebwere.

Tausi alikuwa anaosha vyombo vya unga. Alinikaribisha vizuri, akaniwekea kigoda, akaniuliza hali ya Veronika. Nikayatoa makatambuga nikayaweka chini mbele yake. Aliyajua papo hapo. Ule mkanda wa kushoto ni yeye aliyeushona kwa uzi wa katani. Nikamwambia yote, toka "Nipo" ya kwanza mpaka polisi wa Mtwara. Sikujitetea hata mahali pamoja, hilo naomba uliamini. Alisikiliza mikono imelowa povu. Nilipomaliza aliniuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza njia.

"Ulipoyaokota haya, meli ilikuwa bado inakwenda?"

Nikamwambia ndiyo.

Akapangusa povu mikononi. Halafu akayachukua, akayafuta kwa kanga yake, akayakumbatia, na ndipo alipolia, Salumu. Alilia kilio cha msiba. Majirani wakatoka, mama yake akatoka, wakauliza kuna nini, na Tausi akawaambia, "Mume wangu amekufa." Miaka minne hakuwa na ruhusa ya kusema hivyo. Wanawake wakaanza kumfunika kanga begani. Nikabaki nimesimama kama mwizi kwenye harusi. Mama yako aliletwa, mdogo wako akaletwa, sheikh akaitwa. Walipanga hitma iwe leo, na kesho Tausi anaanza eda yake. Nilipotaka kuaga ndipo aliponiambia nisije. Hakutukana. Afadhali angetukana.

Unajua kazi ya mtani kwenye msiba. Ni mimi niliyepaswa kuwa pale sasa hivi, nimejipaka majivu usoni, nimeziba njia, nawadai waombolezaji soda, nasema tumshukuru Mungu Msagara huyu amekwenda maana alikuwa anamaliza ugali. Ni mimi niliyepaswa kuwachekesha mpaka mama yako apate kula. Nimesikia wamemtafuta Msukuma mmoja wa gereji afanye kazi hiyo. Hakukujua. Sijui atasema nini kukuhusu.

Siombi unisamehe leo. Ukiwa na hasira, kaa nayo, ni haki yako, nami nitaijua kuwa ni yako.

Ila nakuahidi hili. Jumatatu asubuhi nitakwenda boma Kilosa, na kama wakinituma Mtwara nitakwenda Mtwara, kwa gari moshi mpaka Dar es Salaam, halafu kwa barabara hata kama ni wiki mbili. Karatasi yangu ya unyapara nimeshairudisha ofisini. Wakiamua kunifunga, Veronika amekubali, amesema ni afadhali mume aliyefungwa kuliko mume anayeogopa dari yake mwenyewe. Nitawataja na wale wawili, yule mzee wa sigara na yule mama wa Kilwa, ingawa majina yao siyajui. Nitataja sanduku la maboya na kufuli lake. Sitaondoka mezani mpaka lile neno walilokuandikia lifutwe na jingine liandikwe, na nitaomba nisomewe, kama ulivyokuwa ukifanya wewe.

Maneno yenyewe nimeyapanga. Zuhura, aliyeambiwa nyumbani tu kwamba baba amekufa, alikuja juzi kuulizia barua yake; Tausi mwenyewe alimtuma anisikie mimi, na ni yeye wa kwanza niliyemwambia maneno hayo, ili asije akayasikia vingine kwa watu. Nilichuchumaa tukawa macho kwa macho. Nikamwambia baba yako hakushuka Lindi. Baba yako hajapata kuiona Lindi. Aliamka kabla ya watu wote, akaenda kuchota maji ya kusalia.

Kwaheri, Salumu.

Stefano